Chungu Kimoja cha Ngolo

Tulipomzika Papa Gideoni alikuwa amepita miaka tisini, na kanisa lilijaa mpaka watu wengine wakasimama nje kwenye matope. Mimi niliketi mbele pamoja na mamas wazee wenzangu, sote katika liputa, kitenge cha aina moja, jeneza likiwa karibu nami kiasi cha kuligusa. Pasta, kijana mzuri ambaye baba yake nilimfundisha kusoma, akaanza kumsifu marehemu. Akasema mzee huyu alikuwa na moyo wa kusamehe. Akasema, "Munakumbuka habari ya Mama Esta, ule mama aliyetolea mizimu ya maji sadaka, akaondolewa kwenye meza ya Bwana, halafu siku ya kufa akatubu. Nani alimupokea? Ni papa huyu." Watu wakaitika amina. Mimi mate yalinijaa mdomoni, ya mtu anayetaka kutapika, ikabidi niyateme ndani ya leso. Hadithi ile nimeisikia zaidi ya miaka hamsini, kwenye mikutano ya wamama, kwenye mafundisho ya ubatizo, hata mara moja kwenye redio, na kila mara nilinyamaza, kwa sababu ni mimi niliyeitunga.

Mama Esta alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Namna nilivyofika kukaa kwake haina kazi hapa. Ilikuwa miaka ya hamsini, mji ungali unaitwa Stanleyville, Wabelgiji wakijenga barrage ya Tshopo, bwawa la umeme, nami nilikuwa na miaka kumi na sita, katika darasa la ubatizo. Nyumba yake ilikuwa karibu na maporomoko, vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa matete, na kelele ya maji haikwisha mchana wala usiku, hata tukazoea kusema kwa sauti ya juu. Wageni kutoka cité, mtaa wa Waafrika mjini, walidhani tunagombana. Mchana Mama alitwanga lituma, ndizi zake zimeiva kidogo tu, jasho likimtiririka shingoni, na mtoto wake wa pekee, Andre, akirudi kutoka kwenye mitego alianza kunusa tangu mlangoni. Ngolo, kambare wa mtoni, aliyepikwa kwa mawese na pilipili, hicho ndicho chakula chake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akila hakusema neno, akimaliza alilamba vidole vyote vitano, kimoja kimoja, na Mama alimwambia, "Weye, siku moja utakula mukono." Mimi nilimwona hana adabu, nikageuza uso.

Pale kwenye maporomoko watu husimamisha miti mikubwa kati ya mawe, wakaifunga kwa kamba za msituni, na kutoka kwenye miti hiyo hushusha mitego ya matete yenye mdomo mpana. Kutembea juu ya miti ile ni kazi ya wanaume wa ukoo. Andre aliteleza siku maji yalipokuwa juu, mbele ya wajomba zake wawili, na hawakuona tena hata mkono. Siku mbili walimtafuta kwa mitumbwi. Siku ya tatu mzee wa ukoo akamwambia Mama amwite. Ndivyo walivyofanya katika ukoo ule: mtu akichukuliwa na maji asionekane, mama yake huteremka mpaka kwenye mawe na chakula alichokipenda, humwita kwa jina, humwambia chakula ki tayari, kisha hukimwaga majini. Mama akapika ngolo, chungu kimoja kikubwa, maana nyumba ilijaa watu wa matanga. Akapakua sahani ya Andre kwanza. Mimi ndiye niliyeibeba. Niliishika kwa mikono miwili mpaka kwenye mawe, mawese yakinidondokea vidoleni, na Mama akaita, "Andre, kuya kula. Andre, chakula iko tayari," kwa sauti ile ile ya kushinda maji aliyomwitia kila mchana. Kesho yake asubuhi wavuvi walimkuta juu ya mchanga, upande wa kushoto wa mto. Tulimzika katika makaburi ya kanisa, ndani ya uzio, Papa Gideoni akiongoza maombi.

Sasa nirudi nyuma siku moja, kwenye chungu. Papa Gideoni wakati ule alikuwa mzee wa kanisa asiyefika hata miaka thelathini na tano, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, na siku ya kuitwa kwa Andre alikuwa ameketi kivulini nyuma ya nyumba yetu pamoja na mashemasi wawili, wakingoja kula. Tuliporudi kutoka kwenye mawe, niliosha sahani ya Andre, nikawapakulia wao. Chungu kilikuwa kile kile. Samaki walikuwa wale wale, mtego ule ule. Papa Gideoni alikula vizuri. Alinyonya kichwa cha ngolo mpaka mifupa ikawa myeupe, akaomba lituma mara ya pili, akajifuta midomo kwa nyuma ya mkono, na mafuta yakabaki kwenye sharubu. Mpaka leo siwezi kumtazama mtu akinyonya kichwa cha samaki. Wiki mbili baadaye, kutoka chini ya sharubu zile zile, tulisikia kwamba Mama Esta amelisha mashetani.

Baraza lilikaa nyumbani kwa Papa Gideoni mchana, katika chumba cha wageni chenye viti vinne vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma na saa ya ukutani isiyotembea. Kilinuka naftalini. Wazee wanne walikunywa chai ya maziwa. Mama na mimi tulisimama. Papa Gideoni akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu wa makelele, na upole ule ndio uliokuwa unanikera kuliko kitu chote.

"Mama Esta, ulimwanga chakula kwa maji?"

"Ndiyo, papa."

"Ulimutolea nani?"

"Mutoto wangu."

"Mutoto alikuwa amekufa. Mufu hakulaka. Donc ulitolea mizimu."

"Papa, miye sikulisha mizimu. Nilimwita mutoto kula, sawa vile siku yote."

"Na nani alibeba sahani?"

Mama akatazama saa ile iliyosimama. Papa Gideoni akanigeukia mimi. "Marta, ni weye?" Lazima mjue kwamba ubatizo wangu ulikuwa umebaki wiki sita, siku ya Pasaka, na kanzu yangu nyeupe ilikuwa imekwisha kushonwa, inaning'inia kwenye msumari juu ya mkeka wangu. Nilikuwa naigusa kila asubuhi. Nikasema, "Miye hapana, papa. Sikukuwa pale." Akauliza, "Hata hukumuona?" Nikasema, "Hata sikumuona." Mara mbili. Petro alinishinda kwa moja tu, na mimi sikungoja hata jogoo. Mama hakugeuza kichwa kunitazama. Tulipotoka nje alinishika bega kuvuka mtaro, kama desturi yake, na mkono wake ulinichoma mpaka nyumbani.

Hukumu ilikuwa hivi. Alinyang'anywa kadi ya meza ya Bwana. Angekaa benchi ya nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na waliotengwa wengine. Wakristo wasile naye wala wasimpe mkono, mpaka siku atakayosimama mbele ya watu wote na kusema kwa mdomo wake kwamba alitolea mizimu sadaka na kwamba anatubu. Akifa kabla ya hapo, atazikwa nje ya uzio. Juu ya benchi Mama hakuuliza. Juu ya kadi hakuuliza. Aliuliza, "Na Andre?"

"Andre iko ndani," akajibu Papa Gideoni. "Alikuwa mukristo muzuri."

"Yeye ndani, miye inje?"

"Njo vile sheria inasema, mama. Lakini inategemea weye. Neno moja tu."

Pasaka nikabatizwa katika kanzu yangu. Maji yalikuwa baridi, wimbo ulikuwa mtamu, nami nilijinusa kama kitu kilichooza kikafungwa katika kitambaa safi. Nilipotoka nilipewa mikono na watu wote wa kanisa isipokuwa mmoja, yule aliyekaa karibu na mlango, ambaye hakuruhusiwa. Nyumbani alikuwa amenipikia kuku. Hakula nami. Alisema, "Weye sasa iko mukristo kamili, na miye niko mutu wa inje, usivunje sheria yao." Sikujua kama ananicheka. Akachukua sahani yake akaenda kula upande wa pili wa matete, na nikamsikia akitafuna pale, mifupa ya shingo na miguu, minofu yote amenipa mimi.

Jumapili zikafuatana, na mahubiri nayo. Papa Gideoni alipenda kuhubiri juu ya msamaha. Alisimulia namna Petro alivyouliza kama kumsamehe ndugu mara saba kunatosha, na namna alivyojibiwa kwamba ni mara sabini mara saba. Akawa anahesabu kwa vidole, akapotea, watu wakacheka kwa raha. Mimi nilitazama benchi ya nyuma. Kisha, msimu wa kiangazi, ikajulikana kwamba Papa Gideoni mwenyewe, aliyekuwa akipanda treni kwenda Ponthierville kutembelea waamini, alikuwa na mwanamke kule, na mwanamke ana mimba. Akakubali mara moja. Akalia mbele ya watu, akatoa leso, akapiga magoti. Alilia kweli, hilo siwezi kumnyima. Wakampa Jumapili sita za benchi ya nyuma, na Jumapili ya kwanza alipokwenda kule, akiinamisha kichwa, hakuna aliyemsogelea ila Mama Esta. Mama alijisogeza, akapangusa mavumbi kwa ncha ya liputa yake, akamwonyesha mahali. "Ikala, papa. Hapa hakuna jua." Jumapili ya saba Papa Gideoni alirudi mbele na kadi yake. Ile nafasi aliyoiacha ikabaki tupu kando ya Mama. Kuhusu yule mwanamke wa Ponthierville, sikusikia mtu akiuliza kama naye alisamehewa, wala na nani.

Wiki ile Mama aliniita. Alikuwa anakausha samaki, moshi umemjaa machoni. "Weye unajua kusoma," akasema. "Nisomee pale ndani ya Injili walipotoa hii sheria ya kufukuza mutu." Nikamsomea. Ndugu akikosa, mwonye mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mashahidi. Asiposikia, ambia kanisa. Na asiposikia hata kanisa, basi awe kwako kama mpagani na kama mtoza ushuru. Mama akageuza samaki. "Na ile ya sabini mara saba iko wapi?"

"Hapa hapa, Mama. Chini yake tu."

"Ukurasa moja?"

"Ukurasa moja."

Akafikiri. "Gideoni alikuja kwangu peke yake kunionya?"

"Hapana."

"Alirukaka mpaka kwa baraza. Bon. Na hao batoza ushuru, Yesu aliwafanya nini?"

Nilijua jibu, nilikwisha kulijibu kwenye mtihani wa ubatizo. "Aliingia kwao. Alikula nao. Watu wakanung'unika."

"Alors," Mama akasema, na hii ndiyo mara ya pekee mwaka ule niliyomwona akicheka, "wafanye vile. Wakuye kula. Walishakula kwa chungu ile mara moja, wanajua njia." Nikataka kumwambia pale pale: Mama, sahani niliibeba mimi, na nilikukana. Kana kwamba hakujua. Nilikuwa nimesoma mahali pengine kwamba atakayemkana Bwana mbele ya watu, naye atakanwa. Na pengine tena nimesoma kwamba Petro alimkana, akapewa kondoo kuwachunga. Nilitaka kumuuliza ni lipi langu. Sikuuliza. Nilifunika kitabu nikaenda kuteka maji.

Mvua ziliporudi, miguu yake ikavimba, kisha tumbo. Hospitali ya weusi walimlaza siku nane wakamrudisha. Alilala chumba cha mbele, uso wake ukielekea mlango, kwa sababu kutoka pale aliweza kuona miti ya mitego. Hakula tena isipokuwa mchuzi. Jambo lililokuwa kinywani mwake lilikuwa moja: "Munizike karibu na Andre." Aliwaambia wajomba, aliniambia mimi, alimwambia hata muuza chumvi. Wajomba wakaenda kwa Papa Gideoni. Akaja mwenyewe, mchana, mvua ikinyesha. Hakuingia. Sheria ilimkataza kuingia kwa aliyetengwa, kwa hiyo alisimama chini ya ukingo wa paa, maji yakimdondokea mabegani, akaongea na mgonjwa kupitia mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya matete, nasikia yote.

"Mama Esta, sema tu. Hapana hata kusimama mbele ya watu. Unisemee miye hapa, nitaandika."

"Niseme nini, papa?"

"Kama ile siku ulitenda zambi."

Nilimwomba Mungu, kwa moyo wangu wote, kwamba aseme. Ingemgharimu nini? Kisha nikamsikia, pole pole, bila sauti yake ya kushinda maji: "Nilitenda zambi mingi, papa. Nilipiga mume wangu na mwiko. Nilitukana mama mukwe. Zote andika. Ile ya kuita mutoto, hapana. Nikisema kumwita ilikuwa zambi, nikifika pale nitamutazama na macho gani?"

"Mama, nakuomba."

"Miye nakusamehe, Gideoni. Enda, utalowa."

Nilichungulia. Alikuwa amevua miwani, anapangusa, anaivaa, anaivua. Siku ile ningemtemea mate. Leo nafikiri aliogopa, mtu mzima aliyejifungia ndani ya uzio alioujenga mwenyewe, akingoja mwingine amfungulie. Kumfikiria hivyo hakujapunguza kichefuchefu changu.

Mama alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Sisi wawili tu tulikuwamo. Neno lake la mwisho lilikuwa la kuomba maji, akanywa kidogo, basi. Papa Gideoni akafika haraka, na safari hii aliingia, kwa kuwa sheria haikumkataza mtu kuingia kwa maiti. Akasimama juu yake. Akaniuliza bila kunitazama, "Alisema?" Nikatazama miti ya mitego kupitia mlango. Nikaona akilini shimo nje ya uzio, kwenye kinamasi ambako nguruwe wa watu walichimbua. Nikasema, "Alisema, papa."

"Alisema nini?"

"Alisema alitenda zambi. Anatubu."

"Unaapa?"

"Naapa." Mkono nikauinua.

Akatoa daftari, akatoa kalamu, akaandika palepale amesimama, akaharibu, akaandika tena. Kisha akalia. "Mungu asifiwe," akasema, "Mungu asifiwe," mate yake yakirukia shuka aliyofunikwa Mama. Hakuniuliza mara ya pili. Yeye aliyemhoji mama aliyefiwa mpaka kuuliza nani alibeba sahani, hakuniuliza mara ya pili. Tulimzika kando ya Andre, ndani ya uzio, nyimbo zikaimbwa, na Jumapili tangazo likasomwa. Kwa hiyo Mama alipata kaburi alilolitaka, na aliyemlipia ni mimi, kwa neno lake mwenyewe, lile moja alilokataa kulitoa akiwa na pumzi ya mwisho. Mara ya kwanza nilimkana ili niokoe kanzu yangu. Mara ya pili nilimkana ili nimlaze karibu na mtoto wake. Miaka hii yote nimejaribu kuzipima dhambi hizi mbili, na kitu kibaya ni kwamba ya kwanza ndiyo kanisa halikuijua kamwe, na ya pili ndiyo waliyoifanya somo.

Haya yote yalinipitia nikiwa na leso mdomoni, jeneza mbele yangu. Pasta alipouliza kama yupo mtu mwenye neno juu ya marehemu, nilisimama. Wakadhani nitashuhudia, mamas wenzangu wakaanza kupiga makofi kidogo. Nikasema: "Mama Esta hakutubu. Papa huyu aliandika nilichomwambia, na nilimwambia uongo. Sahani ya chakula niliibeba mimi, na pale kwenye baraza nikasema sikuwako. Mama aliulizwa akiwa na akili yake, akasema kumwita mtoto wake si dhambi. Akamsamehe Papa Gideoni, mvua ikinyesha, yeye akiwa amelala na papa akiwa amesimama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kuisimulia, aisimulie hivyo."

Hakuna aliyeitika amina. Binti wa marehemu akaanza kulia kwa hasira, na ana haki yake, ilikuwa matanga ya baba yake. Mmoja wa mamas akanivuta liputa nikae. Pasta akateremka kutoka madhabahuni, akanishika mikono yote miwili, uso wake una huruma ile ile ya upole niliyoijua tangu chumba cha naftalini.

"Mama Marta," akasema, "tulia. Ulikuwa mutoto. Mungu alishakusamehe zamani."

"Sikuja kuomba musamaha, pasta," nikamwambia. "Nimerudisha neno la mutu."

Nikachukua mkoba wangu, nikapita katikati ya watu mpaka nyuma, karibu na mlango, nikapangusa benchi kwa ncha ya liputa, nikakaa.